Mishale ya Badali

Kisauni, Jumatatu 15 Aprili 1946

Nimerudi kwa baba. Obeid alinitolea talaka jana mchana, ya pili hii, kwa sababu niliwaambia wageni wake kwamba wali umekwisha, naye ndiyo kwanza amewaambia wale washibe. Wageni walikuwa washashiba. Aliyeona aibu ni yeye. Ile ya kwanza, miaka mitatu nyuma, ilikuwa kwa sababu ya ufunguo. Kwa hivyo mara hii nilianza kufunga nguo zangu hata hajamaliza kusema.

Baba hakuuliza kitu. Alitazama mzigo wangu, akaona ni mdogo, akasema, "Basi hutakaa sana." Kisha akaenda kulala. Mvua inanyesha tangu alasiri na paa linavuja palepale lilipokuwa likivuja nilipokuwa mwari.

Jumanne 16 Aprili

Mwanatabu amekuja asubuhi na mapema, amelowa hadi magotini. Yeye ni somo yangu. Ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, na mpaka leo, na miaka yangu ishirini na minane, anaona bado sijafundika. Akaniketisha kitandani akanieleza tena mambo ya eda kana kwamba sijawahi kuachwa.

"Mwanamke apataye damu, eda yake ni tahara tatu, mwanangu. Amekuacha nawe u katika tahara, siku za usafi baina ya damu na damu, hiyo ni ya kwanza. Ukiingia mwezini mara ya tatu, ushatoka. Na hapo haulizwi shekhe wala kadhi. Huulizwa wewe mwenyewe, na neno lako ndilo neno."

Mpaka hapo, Obeid akitaka atanirejea kwa kusema tu kwamba amenirejea, nitake nisitake. Eda ikikatika, hana njia ila nikaha mpya, na mimi niseme kwa kinywa changu kwamba nimeridhia.

"Lakini hatutafika huko," akasema Mwanatabu. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wiki ijayo tutampikia sinia, mimi nitalipeleka, nitakuombea radhi." Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza. Biriani na radhi, na siku ya nne nilikuwa jikoni kwake nachambua mchele.

Nikamwambia, "Ningoje kwanza nipumzike, somo."

"Upumzike na nini? Ushafanya kazi gani?"

Lakini nimechoka, hilo nalijua.

Alhamisi 18 Aprili

Mvua.

Jumatatu 22 Aprili

Niandike mkasa wa baba na uta, maana leo nimecheka.

Tangu alipostaafu forodhani baba hana kazi ila kuikagua nyumba na kutuambia imechakaa. Mwezi uliopita alisikia darsani kwamba michezo karibu yote ni upuuzi ila michache, na mmoja katika hiyo michache ni kutupa mishale. Akatoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Tsofa, jirani yetu Mgiriama, kibarua wa bandarini ambaye baba yake alikuwa mwindaji, akanunua uta na mishale mitano. Akapiga siku tatu. Siku ya nne bega likakataa, na mpaka leo havai kanzu bila ya kusaidiwa. Akautundika uta ukutani, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha kwenye kukaa kitako.

Ijumaa iliyofuata darsa ikaendelea pale ilipokomea. Na mtu aliyejifunza mishale kisha akaiacha, huyo ameikufuru neema. Baba asema alihisi msikiti mzima unamtazama yeye. Tangu siku hiyo halali vizuri.

Leo baada ya magharibi ameniita.

"Alawiya."

"Abee, baba."

"Hija hufanyiwa badali, sivyo?"

"Hufanyiwa."

"Kwa mtu aliye hai, lakini hajiwezi."

"Ndivyo nisikiavyo."

"Haya. Teremsha huo uta."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Eti nitampigia mishale kwa niaba yake, kila siku mvua isiponyesha, mpaka bega lipone, ili asiandikwe kuwa ameacha. Nikamwuliza ni nani aliyempa fatwa hiyo. Akasema, "Nimeikisia kwa hija. Usinihoji, wewe uko katika eda, huna pa kwenda."

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma.

Jumatano 24 Aprili

Nyuma ya nyumba kuna ukuta wa zizi la zamani, ng'ombe hamna tangu mama alipokufa. Nimejaza makumbi ya nazi ndani ya gunia, nikalitundika hapo, nikachora kwa mkaa duara kama sahani. Nimejifunga kanga mbili, moja kiunoni, moja nimeifunga shingoni. Nikauvuta uta.

Haukuvutika. Nilivuta mpaka machozi yakanitoka, uta ukaja kiasi cha shubiri na ukakaa hapo ukinitazama. Mshale wa kwanza ulianguka miguuni pangu. Wa pili uliruka, sijui ulikwenda wapi, na upote ukanichapa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo. Upote ni ile kamba ya uta, ya kano za mnyama, na ukichapa ni kama henzirani ya mwalimu wa chuoni.

Kafedha, mkewe Tsofa, alikuwa kisimani kwetu akiteka maji. Aliweka ndoo chini ili acheke vizuri.

"Bi Alawiya, umekosana na gunia?"

"Nampigia baba."

"Baba yako amekosana na gunia?"

Nikamweleza. Hakuamini, nikamweleza tena. Akasema kwao mwanamke hauruki uta wa mumewe hata ukiwa umelala chini, sembuse kuushika. Akaufikiria kidogo. "Lakini huu ushauzwa. Si wa mume yeyote sasa." Akapangusa mikono, akauchukua, akauvuta mara moja tu kwa bega lake la jembe, na mshale ukaingia guniani. Akanirudishia. "Kazi hii haina mavuno," akasema, akaenda zake na ndoo.

Mtu ataka kulia, hajui aanzie wapi.

Jumapili 28 Aprili

Tsofa amepita akitoka kanisani Frere Town, na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Baba alimwita anitazame. Akautia uta juu ya moshi, akaukunja tena, akapunguza kidogo tumbo la mti kwa kisu ili niuweze. Akanionyesha nivute kwa mgongo, si kwa mkono. Na akasema, "Ukishavuta, achia. Ukikaa nao unangoja upate uhakika, mkono utatetemeka, na mshale utakwenda na hilo tetemeko."

Mkono nimeufunga kipande cha kanga kuukuu. Nimepiga mara kumi, hakuna mshale uliogusa gunia. Mmoja umeingia katika muhogo wa Kafedha.

Ijumaa 3 Mei

Mvua ya kutwa. Upote ukilowa hulegea, kwa hivyo hakuna kupiga. Baba ameuliza mara mbili kama mvua imekatika, kama aulizavyo kama nimesali.

Nimekaa dirishani. Kila nikisikia viatu njiani nasema ndiye. Nataka aje. Sitaki kujidanganya hapa: nataka aje, apige hodi, aseme twende nyumbani. Hata asipoomba radhi. Aje tu mwenyewe, bila ya kupelekewa sinia.

Jumamosi 4 Mei

Nimeingia mwezini. Mara ya kwanza.

Jumatano 8 Mei

Mwanatabu amekuja na mchele. Anao mchele, siku hizi za foleni na unga wa njano, sijui ameutoa wapi. Wa sinia. Nikamwambia sipiki. Akadhani sijasikia.

"Sipiki, somo. Aje mwenyewe."

"Mwanamume haji mwenyewe. Mwanamume huletwa."

"Basi na asije."

Akaniangalia mkono wangu ulivyovilia damu. Akaomba mafuta ya nazi, akanikanda, na alipomaliza akauacha mchele jikoni kwetu. Nilikuwa nikimwona mwanamke huyu ni msumbufu tu. Leo nimeona amezeeka, na ametoka Kibokoni, ng'ambo ya daraja, kwa miguu.

Jumamosi 11 Mei

Guniani! Mmoja. Pembeni kabisa, karibu na mshono, lakini guniani. Baba alikuwa kwenye kitanda cha kamba akasema "Allahu akbar" kwa sauti ya juu hadi kuku wa Kafedha wakakimbia.

Jumatatu 20 Mei

Mvua. Bega. Mkono. Baba anataka uji usio moto wala baridi.

Jumatatu 27 Mei

Mvua imetulia kidogo, napiga baada ya alasiri mpaka jua lizame. Sijui kama ni mchezo au ni ibada ya baba au ni wazimu. Najua hivi tu: nikiushika uta hakuna anayeniuliza kitu. Kutwa nzima naulizwa. Baba auliza dawa ya kukandia iko wapi, majirani wauliza kwani Bi Alawiya hujarudi, Mwanatabu auliza nimefikiri. Na nilipokuwa kwa Obeid ilikuwa kunyamaza. Akikasirika hunyamaza wiki nzima, nami huzunguka nyumba nikikisia kosa langu. Miaka tisa ya kukisia. Mtoto hatukujaaliwa, kwa hivyo hapakuwa hata na wa kumwuliza, "Baba leo ana nini?"

Gunia haliniambii kitu na halinuni. Ukikosa umekosa, wafuata mshale wako majanini, warudi, wapiga tena.

Leo mishale mitatu imekaa. Nilichoka vizuri. Sikujua kwamba kuna kuchoka vizuri.

Jumapili 2 Juni

Mara ya pili. Sasa imebaki moja.

Tsofa amenitengenezea mishale mingine, mepesi. Kafedha asema mumewe anajigamba bandarini kwamba ana mwanafunzi, ila hasemi ni mwanamke.

Ijumaa 7 Juni

Kuluthum amekuja. Ni wifi yangu, dada yake Obeid, na sina ugomvi naye. Tangu niolewe ndiye aliyekuwa akinitegulia vitendawili vya kaka yake. Bahati mbaya alipitia mlango wa nyuma. Alinikuta nimejifunga vibwebwe, jasho linanitiririka, nimeinua uta, na baba kitandani akisema, "Shusha kidogo, shusha, bismillahi."

"Subhanallahi," akasema Kuluthum.

Tulimkaribisha kahawa. Mikono yangu ilikuwa michafu, nilimwona akiitazama. Akasema kaka yake hajambo. Akasema anakula kwake siku hizi na anasumbua kwa chumvi. Kisha akaleta alichotumwa.

"Asema nikwambie, yeye anahesabu miezi yake mitatu. Hatatangulia, hatachelewa. Itatimia katikati ya Shaabani. Ukimpelekea neno zuri kabla ya hapo, heri. Usipompelekea, atakuacha uingoje siku ya mwisho, upate adabu, na siku hiyo atakurejea. Asema hafungi Ramadhani bila ya mke nyumbani."

Nilimwuliza, "Miezi mitatu?"

"Mitatu. Ameitia alama ukutani."

Nilimmiminia kahawa nyingine, na hakuna tone lililomwagika, nashangaa mimi mwenyewe.

Amekosea. Miezi mitatu ni eda ya mwanamke aliyekatika hedhi, au ya msichana ambaye hajaiona. Mimi si huyu wala si yule. Yangu itakwisha mapema, mwanzo wa Shaabani kama mambo yatakwenda yanavyokwenda. Hakumwuliza mtu, kwa kuwa mwanamume mzima hawezi kwenda kuuliza mambo ya damu ya mkewe. Na baba, anayeijua sheria, hawezi kumwuliza binti yake. Wote wawili wana haya. Basi nijuaye ni mimi na Mwanatabu.

Je, nimwambie? Kuluthum alikuwa hapo mbele yangu, anavaa buibui lake pole pole, ningemwambia maneno mawili tu. Angekwenda, na Obeid angekuja kesho yake, mbio. Au asingekuja, ili asionekane ana mbio.

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Nikamwambia anisalimie nyumbani.

Jumamosi 8 Juni

Sikulala. Nimemwendea Mwanatabu kwa moyo, maana kwa miguu siruhusiwi. Nimemtuma Kafedha amwite. Amekuja jioni. Nikamweleza. Akawa anacheza na tasbihi.

"Wewe ulimficha?"

"Hakuniuliza."

"Basi hukumficha. Asiyekuwapo na lake halipo." Kisha akasema, "Lakini, Alawiya, usiwe na furaha nalo. Ukiwa na furaha nalo litakuwa limekuwa jambo jingine."

Nikamwambia sina furaha. Nimechoka tu.

"Najua. Nimekukanda, nimeona." Na hakutaja sinia tena.

Ijumaa 14 Juni

Balaa. Kuluthum aliyasema aliyoyaona, si kwa ubaya, kwa kushangaa. Na Obeid ameleta amri. Ameleta kwa kinywa cha mwadhini wetu, mbele ya watu, baada ya sala: mke wake aliye katika eda asionekane tena na uta kama askari wa mpakani. Aache leo.

Baba amerudi amekunja uso. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Akaketi.

"Wewe bado ni mkewe kwa namna fulani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mume hutiiwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nataka urudi kwake. Sikufichi. Mimi mzee, nyumba inavuja, na watu wanauliza."

Hilo lilinichoma. Nilijua, lakini kulijua na kulisikia si kitu kimoja. Nikainamia ungo wangu. Nikasema, "Basi niuweke uta."

Alikwenda kusali alasiri, akasali kwa kirefu sana, akatoka, akazunguka nyumba, akapigapiga ukuta kama anavyofanya. Kisha akarudi kusimama mlangoni mwa jiko.

"Nikiacha, nitaulizwa na Mwenyezi Mungu. Obeid akiudhika, nitaulizwa na nani? Na yeye hakukuacha kwa sababu ya uta. Alikuacha kwa sababu ya wali." Akashika kizingiti kwa mkono ule mzima. "Umepiga leo?"

"Bado."

"Jua linakwenda."

Nilikwenda. Nilikosa yote mitano, macho yamejaa. Nilikuwa nikidhani baba ananiweka kama mzigo wa mtu aliyesahau kuja kuuchukua. Labda ni kweli. Lakini leo alisimama.

Alhamisi 20 Juni

Duarani, miwili. Kafedha alishangilia kwa vigelegele vya kwao. Ana mimba, ameniambia leo, na amechoka kuliko mimi, na bado analima. Nimemshikia jembe kidogo. Akasema nalima kama mtu anayeogopa kuiumiza ardhi.

Jumatatu 24 Juni

Mvua ndogo. Hakuna kitu.

Jumanne 2 Julai

Mara ya tatu.

Niliona alfajiri. Nikangoja mchana kutwa, nihakikishe, nisije nikajidanganya kwa kutaka au kwa kutotaka. Ni kweli. Eda yangu imekwisha. Mimi si mke wa mtu.

Nilidhani nitafurahi, au nitalia. Nimefua mashuka. Nimempikia baba uji. Jioni nilikwenda ukutani, nikapiga mpaka giza, sikumbuki iliyoingia na iliyokosa. Sijamwambia mtu. Baba akiuliza nitamwambia. Hataniuliza.

Ijumaa 5 Julai

Baba ameanza kufagia sebule mwenyewe. Anamngoja Obeid. Kila nikitaka kusema, namwuliza kama ataka uji. Naona haya mimi pia. Ni ugonjwa wa nyumba hii.

Ijumaa 12 Julai

Amekuja.

Alikuja baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, kilemba kipya, na Kuluthum nyuma yake na sahani ya halwa. Mimi nilikuwa uani. Nikaingia ndani nikanawa mikono, nikakaa nyuma ya pazia la sebule kama inavyopasa, na Kuluthum akaja kukaa nami, akanishika goti. Ana mikono ya baridi.

Walisalimiana kwa kirefu. Waliulizana hali mpaka hali zikaisha. Kisha Obeid akasema, kwa ile sauti yake ya dukani anapomaliza bei, "Mzee Mahfudh, leo ni siku ya mwisho na mimi ni mtu wa neno langu. Shuhudia kwamba nimemrejea Alawiya."

"Alhamdulillahi," akasema baba. Furaha ilivyokuwa katika sauti yake, niliona afadhali ninyamaze. Wallahi niliwaza hivyo. Ningenyamaza tu, na jambo lingekwisha, baba angelala usingizi, na hakuna binadamu ambaye angejua. Ningerudi haramu, lakini kwa watu ningekuwa halali.

"Alawiya! Mumeo amekurejea."

"Abee, baba." Nikavuta pumzi. "Baba, eda yangu imekwisha."

Kuluthum aliliachia goti langu.

"Haikwisha," akasema Obeid. "Leo ndiyo inatimia. Nimeihesabu mimi."

"Umehesabu miezi. Miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekatika. Mimi sijakatika." Uso uliniwaka moto, kusema mambo hayo mbele ya baba. "Mimi ni tahara tatu. Imekwisha tangu Jumanne ya wiki jana."

Nikasikia kiti kikisukumwa. "Mwanamke anaweza kusema alitakalo! Nani atajua?"

Hapo nilimngoja baba. Baba anayefagia sebule, anayetaka nirudi.

"Alawiya," akasema taratibu. "Wallahi?"

"Wallahi, baba."

Kisha nilimsikia akisema, na sauti ile ya furaha haimo tena, "Ndivyo, Obeid. Anaweza kusema alitakalo, na sheria imeliacha kwake. Mwenyezi Mungu ameridhika na neno lake, sembuse mimi na wewe."

"Basi tufunge nikaha nyingine. Leo hii. Mwite mwalimu."

"Hilo linataka ridhaa yake."

"Muulize."

"Yuko hapo, nyuma ya pazia. Muulize wewe."

Nilisikia pumzi zake. Mtu huyu nimemsikia akinuna, akiamuru, akikoroma. Kuuliza sijapata kumsikia. Ilichukua muda, na nikamhurumia, maana lilikuwa jambo zito kwake, kama kuinua gunia kwa mara ya kwanza.

"Alawiya," akasema. "Utarudi?"

Angeliuliza neno hilo mwezi wa tano, ningetoka na miguu mitupu. Nilijaribu kumtafuta ndani yangu yule mwanamke wa dirishani, nikamkosa.

"Sirudi, Obeid. Sikuchukii. Nimechoka."

Akaondoka. Kuluthum alinibusu kichwani, akamfuata, na halwa wakaisahau.

Jumamosi 13 Julai

Baba hakutoka chumbani mpaka adhuhuri. Alipotoka akasema, "Ungeniambia."

"Hukuuliza, baba."

"Niliona haya."

"Na mimi."

Akala halwa kidogo, akaisukuma. "Nikifa utakaa na nani?"

"Ukifa nitakuombea dua. Leo u hai, kunywa uji."

Akanywa. Akasema umepoa.

Jumanne 16 Julai

Nimepiga. Yote imekosa. Upepo wa kusini umeanza, umekausha majani, na mishale inaonekana vizuri mtu akiifuata.

Jumamosi 20 Julai

Kuluthum amekuja peke yake, kupitia mlango wa nyuma. Alinikuta na uta na hakushangaa. Tulikaa juu ya mawe ya zizi. Aliniambia Obeid hafungui duka vizuri. Nikasema Mungu atamfanyia wepesi. Kisha akaanza kulivuta-vuta buibui lake, nikajua kuna jambo.

"Sikutaka kukwambia," akasema. "Lakini haliniachi nilale. Alikuja, wifi."

"Alikuja lini? Si alikuja Ijumaa ile?"

"Kabla. Mwezi wa tano. Na mwezi wa sita tena. Mara tatu, nijuazo mimi. Huondoka nyumbani amevaa, hufika darajani Nyali, husimama upande ule wa mjini akatazama watu wanavyovuka, kisha hurudi. Mara moja alirudi amelowa chapachapa, akaniambia alikuwa msikitini. Msikiti gani unaovuja hivyo?"

Niliuweka uta chini.

"Kwa nini hakuvuka?"

"Nilimwuliza. Asema ukimwona amekuja mwenyewe, utajiona."

Nikafikiri. Nilitaka kumjibu haki, si kumjibu kwa uchungu.

"Ningejiona, Kuluthum," nikamwambia. "Siku moja. Kesho yake ningeamka nikampikia."

Akajifunika uso. Na mimi ambaye sikulia siku ya talaka, wala siku ya eda, wala siku ile nyuma ya pazia, nililia naye, kwa sauti, mpaka baba akatoka na kanzu imevaliwa upande mmoja, akauliza ni nani aliyekufa. Tukamwambia hakuna.